Kibla, kivuli na mchanga: Mtoto wa Kwale na somo la ramani

MTOTO wa Gredi ya 4 aliyelelewa Gazi au Msambweni hujua mambo mengi kuhusu mahali kabla hajaonyeshwa ramani yoyote. Anajua njia ya mkato ya kwenda kisimani. Anajua maji yatakupwa saa ngapi ili avuke kwa miguu bila kulowa, na anajua kwamba kusi ikishika, ngalawa ndogo hazithubutu kutoka nje ya mwamba. Hata hivyo, akiulizwa aonyeshe kaskazini akiwa darasani, si ajabu akaelekeza kidole darini.

Kosa hilo halitokani na uzito wa akili. Ramani ya Kenya hutundikwa ukutani na mwalimu husema kaskazini ni upande wa juu, naye mtoto wa miaka tisa huyachukua maneno hayo jinsi yalivyo. Kutokana na kosa hilo huzaliwa mengine. Mto Nile, unaotoka Ziwa Victoria kuelekea Misri, huonekana kwake kuwa mto unaopanda mlima. Tanzania nayo huwa nchi iliyo bondeni, ingawa mto Umba unaoingia baharini karibu na Vanga huanzia katika milima ya Usambara, huko huko Tanzania.

Dawa yake ni nyepesi na haina gharama. Ramani ishushwe ukutani, itandazwe sakafuni au uwanjani, kisha izungushwe mpaka kaskazini yake ielekee kaskazini ya kweli. Hapo bahari ya kwenye karatasi huelekea iliko bahari yenyewe, na Kinango huwa upande uliko Kinango.

Swali linalofuata ni jinsi ya kuipata kaskazini ya kweli pasipo na dira. Katika jambo hili, watoto wa pwani ya kusini wana bahati ambayo wachache duniani wanayo. Diani iko karibu na longitudo ya digrii 39.6 mashariki, na mji mtakatifu wa Makka uko karibu na digrii 39.8. Kwa hivyo kibla cha Diani, Tiwi au Msambweni hukaribia kaskazini kamili, kwa tofauti isiyofika digrii moja. Anayesali katika msikiti wa kale wa Kongo, kwenye mlango wa mto Mwachema, huwa ameelekea kaskazini. Mtoto wa madrasa ambaye huelekea kibla kila siku tayari ana dira. Kilichobaki ni mwalimu wa shule amwambie hivyo. Asiye Mwislamu pia anaweza kuuangalia msikiti wa kijiji kutoka nje na kujua mihrabu imeelekea wapi.

Njia ya pili ni kivuli, na hapa mwalimu hana budi kuwa mwangalifu na vitabu. Baadhi ya maelezo yaliyoandikiwa nchi za kaskazini mwa dunia husema kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini daima. Kwa Kwale maelezo hayo ni kweli kwa sehemu ya mwaka tu. Diani iko zaidi kidogo ya digrii 4 kusini mwa Ikweta, kwa hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 9 Machi na karibu na tarehe 4 Oktoba. Baina ya Oktoba na mwanzo wa Machi jua la adhuhuri huwa upande wa kusini na kivuli huangukia kaskazini. Miezi iliyosalia mambo hugeuka, kivuli kikaangukia kusini.

Kijiti kilichosimamishwa wima mchangani chatosha kuonyesha hayo yote. Watoto watie alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache, kisha watafute alama iliyo karibu zaidi na kijiti. Mstari unaotoka kwenye kijiti hadi alama hiyo hulala kaskazini na kusini. Watagundua pia kwamba kivuli hakiwi kifupi kabisa saa sita kamili. Saa za Afrika Mashariki hupimwa kwa longitudo ya digrii 45, iliyo mbali mashariki mwa Kwale, na hivyo adhuhuri ya kweli huchelewa. Huangukia baina ya saa sita na dakika 5 na saa sita na dakika 36 hivi, kutegemea majira. Jaribio hilo likifanywa Juni na kurudiwa Novemba, mtoto hujionea mwenyewe safari ya jua, jambo ambalo mchoro wa ubaoni huwa na taabu kulieleza.

Majina yenyewe ya pande hizi ni somo. Kaskazini ni upande unakotoka kaskazi, upepo unaovuma baina ya Desemba na Machi hivi. Kusini ni upande wa kusi, upepo wa katikati ya mwaka. Mjukuu wa mvuvi anayaelewa haya nusu nusu tayari. Inasikitisha kwamba kuanzia Gredi ya 4 somo la Jamii hufundishwa kwa Kiingereza, na pande za dunia hugeuka kuwa maneno ya kukariri yasiyo na upepo wowote ndani yake. Mwalimu anayetua dakika tano kuliunganisha neno la kitabuni na neno la nyumbani hapotezi muda.

Baada ya pande, kazi ngumu zaidi ni kumfanya mtoto aone vitu kutoka juu. Mwaka wa 1948, Jean Piaget na Bärbel Inhelder walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto wadogo hushindwa kuwaza mandhari yatakavyoonekana na mtu aliyeketi upande mwingine. Kwa muda mrefu baadaye, wengi walidhani kuwa ramani haifai kufundishwa mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanajiografia James Blaut na David Stea walileta ushahidi tofauti. Watoto wa miaka mitano na sita walioonyeshwa picha zilizopigwa kutoka ndegeni waliweza kutambua nyumba na barabara. Uwezo upo, kinachokosekana ni mazoezi.

Huku pwani mfano upo mtini. Mkwezi aliye juu ya mnazi haoni kuta za nyumba wala milango yake. Huona mapaa, ua, na njia zikikutana. Mtoto aulizwe mkwezi angeiona vipi shule yao, kisha aijenge mchangani: visanduku vya kiberiti viwe madarasa, kifuu kiwe tangi la maji, kamba iwe barabara. Vitu hivyo vikiinuliwa mmoja mmoja na nyayo zake kuchorwa, ramani imekwisha kuzaliwa. Darasa zima linaweza kuifanya kazi hii kwa vipindi viwili.

Kipimo hufuata kwa hatua za miguu. Watoto wawili, mrefu na mfupi, wapime urefu wa uwanja. Mmoja atapata hatua 60, mwingine 75, na ubishi utakaozuka ndio utakaowaonyesha kwa nini watu walikubaliana kuhusu mita. Baadaye ndipo waletewe ramani ya Idara ya Upimaji ya Kenya ya kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita moja. Kutoka Ukunda hadi Msambweni ni kilomita zipatazo 22 kwa mstari ulionyooka, yaani sentimita 44 kwenye karatasi. Abiria wa matatu watasema safari ni ndefu kuliko hivyo, nao watakuwa wamesema kweli, kwa kuwa barabara hupinda.

Ufunguo wa ramani ndio sehemu inayozua mjadala mkubwa zaidi. Nani aamue ni kitu gani kitiwe alama? Ramani nyingi za Diani zilizochapishwa kwa ajili ya watalii hutaja hoteli kwa majina, huku vijiji vilivyo nyuma ya barabara ya ufuoni vikiachwa vyeupe kana kwamba hapana mtu. Watoto wa Kinango watachora bwawa kwanza, wa Gazi watachora mikoko, na wa Kinondo hawataisahau Kaya, msitu ambao pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2008. Bahari nayo ina utata wake. Pwani hii maji yakijaa huwa na umbo moja, yakikupwa wakati wa bamvua huwa na jingine, lakini mchoraji hana budi kuchagua mstari mmoja tu.

Ramani pia huzeeka. Zile zilizochapishwa kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka wa 2013 huonyesha Wilaya ya Kwale katika Mkoa wa Pwani. Eneo la Maumba na Nguluku lilichimbwa madini ya titani tangu 2013 hadi Desemba 2024, na sura ya ardhi yake si ile ya zamani. Mpaka wa Lunga Lunga wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka wa 1886, kuanzia mlango wa mto Umba, na kuwaacha Wadigo pande zote mbili. Watoto wa huko ambao wana shangazi Tanzania hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa miaka mingi somo hili lilipimwa kwa njia moja. Karatasi ya KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ilikuwa na ramani ya eneo la kubuni pamoja na maswali yake. Mtahiniwa aliweza kupata alama zote bila kujua kijiji chake kiko upande gani wa Kwale. Mtaala wa umilisi, unaoanza na mazingira ya karibu, kisha kaunti katika Gredi ya 4, Kenya katika Gredi ya 5 na Afrika Mashariki katika Gredi ya 6, unatoa nafasi bora zaidi. Lakini nafasi hiyo hupotea ikiwa darasa halitoki nje hata siku moja.

Hasara ya kutojua ramani huonekana baadaye, na Kwale, ambako migogoro ya ardhi na maskwota ni ya miaka mingi, imo miongoni mwa mahali inapouma. Chini ya Sheria ya Uamuzi wa Ardhi, Sura ya 284, rejista ya eneo linalopimwa ina sehemu mbili: ramani ya mipaka na orodha ya wenye vipande. Ikikamilika, hutangazwa na kuwekwa wazi ili wananchi waikague, na anayeona kosa ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Mzee anayejua kila mwembe wa shamba lake husimama mbele ya karatasi iliyojaa mistari na namba, na mara nyingi aliye karibu naye wa kumsaidia kuisoma ni mjukuu aliyetoka shule. Mjukuu huyo atatakiwa aielekeze karatasi kaskazini, atafute barabara na mto, ahesabu vipande kutoka hapo hadi shambani, kisha alinganishe namba na jina lililo katika orodha.