Roboti ya Kufagia Inapopotea Sebuleni

Dumila, kando ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, haifichi vumbi lake. Malori ya kwenda Dodoma, Mwanza hadi Kigali hupita usiku na mchana, mabasi husimama abiria wanunue nyanya na vitunguu, na bodaboda za upande wa Kilosa hukata kona nje ya lami. Ukifuta meza ya kioo asubuhi, saa nane mchana unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Ndiyo maana niliposikia kwamba mama mdogo wangu anayeishi huko ametumiwa roboti ya kufagia na mwanawe aliyeko Muscat, nilisema mashine hiyo imepata kazi zaidi kuliko kama ingepelekwa kwenye ghorofa la Masaki lenye viyoyozi na madirisha yaliyofungwa.

Haukupita muda simu ikaita.

“Shikamoo mama mdogo.”

“Marahaba mwanangu. Hivi huko mjini mnazijua hizi roboti? Hii ya kwangu imelewa.”

Ulevi wenyewe ulikuwa hivi: inatoka kwenye kituo chake cha kuchajia, inafagia pembe moja vizuri, kisha inaanza kuzunguka pale pale, inarudi nyuma kama imeona nyoka, na mwisho inasimama katikati ya zulia na kutoa tangazo la Kiingereza. Mwanawe alikwishampa dawa kwa simu: futa programu, futa ramani, anza upya. Akafanya hivyo mara kadhaa. Ulevi ukabaki.

Dawa hiyo ndiyo wengi hutoa, na kwa maoni yangu imegeuzwa miguu juu kichwa chini. Ramani inayoonekana kwenye simu ni matokeo tu. Roboti inayoona vibaya ukiifutia ramani itachora nyingine mbovu vilevile, tena itakumalizia chaji ikichora.

Asili ya mashine hizi iko karibu na Morogoro kuliko mtu anavyodhani. Kampuni ya Marekani ya iRobot, iliyoanzishwa mwaka 1990 na Rodney Brooks, Colin Angle na Helen Greiner, ilikwisha kushughulika na roboti za kusaka mabomu ya ardhini kabla ya kuuza Roomba ya kwanza mwaka 2002. Kusaka bomu na kufagia sebule ni kazi zenye swali moja: utapitaje kila shubiri ya eneo bila kuacha kipande? Pale Morogoro mjini, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likilijibu swali hilo tangu mwaka 2000 kwa kutumia panya buku. Panya huvishwa mkanda, huunganishwa na kamba iliyonyooshwa kati ya watu wawili, kisha hupita mstari baada ya mstari akinusa baruti. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa kama nusu saa. Magawa, panya aliyezaliwa na kufunzwa hapo Morogoro, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA.

Magawa hakuhitaji kujua yuko wapi. Kamba ilijua. Roboti ya kufagia haina kamba, na taabu yake yote inaanzia hapo.

Roomba za mwanzo zilikwepa taabu hiyo kwa ujanja: hazikuwa na ramani kabisa. Ziligonga ukuta, zikageuka, zikaenda kokote, na kwa kurudiarudia zikagusa karibu sakafu yote. Mashine ya aina hiyo haipotei, maana haijawahi kujua ilipo. Mambo yalibadilika mwaka 2010 ilipotoka Neato XV-11 yenye leza ya kupima umbali, na mwaka 2015 Roomba 980 ikaja na kamera. Tangu hapo roboti huchora nyumba huku ikijitafuta ndani ya mchoro huohuo. Inahesabu mizunguko ya magurudumu, inapima kugeuka kwake kwa jairoskopu, kisha inasahihisha hesabu hiyo kwa macho yake, yawe ya leza au kamera. Kuhesabu magurudumu bila macho ni kama kutembea chumbani umeme ukikatika: hatua tano hadi mlangoni, tatu hadi kitandani, na ukiteleza hatua moja tu, paji la uso linakutana na kabati.

Kwa hiyo uchunguzi unaanza kwa kuizima mashine na kuilaza chali.

Kwa mama mdogo hapo ndipo hadithi karibu yote ilipokuwa. Gurudumu la kushoto lilikuwa limesokotwa nywele za kusukia. Barazani kwake wasichana husukana kila Jumamosi, na vipande vya nywele bandia huingia sebuleni na upepo. Nyuzi hizo ni ngumu kuliko nywele za kawaida, hujifunga kwenye ekseli hadi gurudumu likawa zito. Gurudumu moja likiwa zito na jingine jepesi, roboti inazunguka. Magurudumu makuu yanapaswa kuzama na kurudi juu kwa springi ukiyabonyeza, na yazunguke sawasawa kwa kidole. Gurudumu dogo la mbele nalo livutwe litoke (kwa mashine nyingi hutoka bila bisibisi) na nyuzi zikatwe kwa wembe.

Kisha bampa, ule upinde wa mbele. Nyuma yake kuna swichi zinazoiambia roboti kwamba imegonga. Punje moja ya mchanga ikikwama hapo, swichi hubaki imebonyezwa, na mashine huamini inagonga ukuta muda wote: inarudi nyuma, inageuka, inarudi tena. Huyo ndiye nyoka aliyekuwa akionekana. Igonge bampa kwa kiganja pande zote. Isiporuka kurudi, puliza. Pampu ya baiskeli inatosha. Kompresa ya fundi wa matairi usiipeleke hapo, ina nguvu mno na mara nyingi hutema maji.

Yapo pia macho ya tumboni. Ukingoni mwa mashine, upande wa chini, kuna vidirisha vidogo vinavyorusha mwanga wa infraredi sakafuni na kusubiri urudi. Usiporudi, roboti inaelewa kwamba mbele kuna shimo. Hivi ndivyo inavyojizuia isianguke ngazini. Lakini vumbi likiganda kwenye kidirisha, mwanga haurudi. Rangi nyeusi nayo humeza mwanga, kwa hiyo zulia lenye mistari myeusi huonekana kama sakafu iliyochimbwa mahandaki. Hata jua la saa kumi linaloingia moja kwa moja mlangoni linaweza kuvuruga vihisi hivi, kwa sababu jua nalo lina infraredi tele. Kitambaa kikavu, laini, kinamaliza tatizo la kwanza. Kwa la pili, kunja zulia.

Wajanja huziba vidirisha hivyo kwa karatasi nyeupe na gundi ya uwazi ili roboti iache woga wa zulia jeusi. Sikushauri. Nyumba ya mama mdogo ilijengwa baada ya mafuriko ya Januari 2014, yale ambamo Mto Mkundi ulikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, na fundi aliambiwa apandishe msingi. Kutoka baraza hadi uwanjani ni ngazi nne za saruji. Roboti iliyozibwa macho itazishuka zote mara moja.

Baada ya tumbo ndipo tunapanda kichwani. Kama mashine ina kinundu kinachozunguka juu, hiyo ni leza, na haijali giza. Kinachoisumbua ni kioo na kitu king’avu. Leza hupenya mlango wa kioo na kuchora chumba kisichokuwepo, au hudunda kwenye kioo cha kabati na kuchora sebule mara mbili. Wanaopenda kabati zenye vioo kuanzia sakafuni wajue hilo. Utepe wa karatasi kwenye usawa wa kinundu huondoa mzuka. Kama mashine ina kamera badala ya kinundu, mambo hugeuka: inahitaji mwanga. Ukifunga mapazia mazito kuzuia jua kisha ukaituma ifagie, umeifumba macho mwenyewe.

Watoto ni sura inayojitegemea. Wataalamu wa roboti wana jina la mashine iliyonyanyuliwa katikati ya kazi na kuwekwa mahali pengine: huiita roboti iliyotekwa, na kuiwezesha ijitambue tena ni moja ya mitihani mikubwa ya taaluma yao. Mjukuu wa miaka minne huufanya utekaji huo mara nyingi kwa asubuhi moja. Mashine nzuri hutazama huku na huku, ikalinganisha inachokiona na ramani, ikajipata. Ya bei nafuu huendelea kuchora kana kwamba bado ipo pale pale, na jioni unakuta jiko limeota katikati ya chumba cha kulala.

Mkeka ni mtego mwingine wa nyumba zetu. Roboti hizi zimebuniwa kwa mazulia mazito yasiyosogea. Mkeka mwepesi wa ukindu husukumwa, au hujikunja chini ya tumbo huku magurudumu yakizunguka hewani na kuhesabu umbali ambao hayakwenda. Ukunje kabla ya kazi. Vizingiti navyo ni vya kupima: mashine nyingi huvuka kimo cha sentimita 2 hivi, na vizingiti vya saruji vya mafundi wetu mara nyingi huzidi hapo. Kwa nyumba ya namna hiyo, vyumba na sebule vihesabiwe kuwa nyumba mbalimbali; ibebe mwenyewe ikiwa imezimwa, na kila chumba kiwe na ramani yake kama programu inaruhusu.

Kosa moja lilinichukua muda kulielewa kwa kuwa halikuonekana kwenye mashine hata kidogo. Siku nyingine roboti ilifagia vizuri kabisa, halafu ikashindwa kurudi nyumbani, ikatangatanga hadi ikazima. Sababu ilikuwa umeme. Kituo cha kuchajia nacho hurusha infraredi kuiita roboti, na kituo kisicho na umeme ni bubu. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, lakini nguzo ya mtaani ikilala kwa mvua megawati hizo hazifiki sebuleni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ikamate uiweke kituoni kwa mkono. Na kituo chenyewe kisisogezwe kila siku kupisha kochi: kiegemee ukuta, kiachiwe kama nusu mita kila upande na mita moja na nusu mbele.

Kuhusu intaneti niseme kwa kifupi, kwa kuwa husingiziwa mno. Mashine nyingi huchora njia kwa ubongo wake yenyewe. Bila bando bado inafagia ukibonyeza kitufe cha juu. Ikikataa kuungana, angalia kama waifai au simu unayoitumia kurusha mtandao iko kwenye gigahezi 5. Nyingi hujua 2.4 tu. Nyingine zimefungiwa soko la nchi moja, na aliyenunua ughaibuni atalazimika kuchagua nchi hiyo kwenye programu.

Sasa, yote hayo yakishafanyika, zima na kuwasha. Ikiwa bado inapotea, hapo ndipo unafuta ramani na kuiacha ichore upya mchana, milango wazi, mikeka imekunjwa, wajukuu wako shule. Mama mdogo alifanya hivyo, na sebule ikatoka yenye kona nne. Kisanduku cha vumbi, hata hivyo, hujaa kabla chumba hakijaisha, hivyo fagio la chelewa halijastaafu barazani, na binafsi sioni siku litakapostaafu karibu na barabara ile.

Ikigoma hata baada ya hapo, pengine ni kihisi cha gurudumu kilichokufa, au mkanda mdogo wa mpira unaozungusha leza kwa baadhi ya mashine, ambao hulegea au kukatika. Fundi simu mwenye mkono mtulivu anaweza kuvibadili vyote viwili. Kabla ya kumpeleka mtu Kariakoo kutafuta kipuri, piga picha ya lebo iliyo tumboni, yenye namba ya modeli. Roboti mbili zinazofanana kwa sura na rangi zinaweza kuwa na magurudumu yasiyoingiliana.