Wifi ya ofisi hufa kila saa nne? Kabla muongeze pakeji, angalia dari

Kila ofisi Nairobi iko na ile kona. Msee akitaka kutuma faili kubwa ama kuingia mkutano wa video, anabeba laptopu yake anaenda kusimama hapo, juu ndio mahali pekee wifi "inashika". Ofisi niliyokuwa nafanya job kitambo, kona yetu ilikuwa kando ya dispensa ya maji. Ikifika saa nne asubuhi unapata watu sita wamejipanga hapo, laptopu mkononi, kama wanangoja matatu ya Rongai.

Bosi akafanya kile mabosi wengi hufanya. Alipigia kampuni ya intaneti, akaongeza pakeji. Bili ya kila mwezi ikapanda karibu mara mbili. Wiki ya kwanza tukashangilia, wiki ya pili tukarudi kwa dispensa.

Mwishowe akaitwa fundi. Jamaa hakugusa pakeji hata kidogo. Alichomeka laptopu yake kwa rauta na waya, akapima spidi: tulikuwa tunapata yote tuliyolipia. Halafu akatembea na simu mpaka chumba cha mikutano, akapima tena kwa wifi. Hata sehemu ya kumi haikufika. Akacheka tu. "Intaneti mko nayo. Haiwafikii."

Hicho kipimo unaweza kufanya leo na hulipi mtu. Kama kwa waya pia ni polepole, sumbua kampuni yenu mpaka washike simu. Lakini kama waya ni moto na hewani ni baridi, ngori iko ndani ya ofisi yenu, na hakuna pakeji itaiondoa.

Sababu ni hii. Ile rauta mliyopewa siku ya kuunganishwa ni kazi kadhaa zimefungiwa kwa sanduku moja: inaongea na kampuni, inagawia vifaa anwani, inalinda mlango, na pembeni iko na redio ndogo ya wifi. Ilitengenezewa keja ya watu watano na TV. Akses pointi, ama AP vile mafundi huiita, ni ile redio imetolewa kwa sanduku, ikapewa nguvu ya kubeba watu wengi, ikawekwa mahali watu wako. Umeshaiona mara mob. Ni ile sahani nyeupe kwa dari ya benki ama hoteli, yenye taa ndogo, ambayo wengi hudhani ni kengele ya moshi.

Sasa elewa kitu kimoja kuhusu wifi: ni ya zamu. Kwa chaneli moja, kifaa kimoja tu ndicho kinaongea kwa wakati, wengine wanangoja. Simu iliyo mbali, nyuma ya kuta mbili, inalazimika kuongea polepole ndio isikike, kwa hivyo zamu yake inakuwa ndefu. Ni kama foleni ya supamaketi na mtu wa mbele analipa na sarafu za shilingi moja moja. Wewe na noti yako ya elfu bado unangoja. Ndio maana mtu mmoja kwa kona mbaya anaweza kuharibia ofisi nzima.

Halafu kuna bendi mbili za kawaida. Ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri, lakini iko na chaneli tatu pekee ambazo hazigongani, yaani 1, 6 na 11. Kwa jumba lenye ofisi kumi kila sakafu, hiyo bendi ni soko la Gikomba. Ya 5 GHz inakimbia na iko na nafasi kibao, lakini ukuta wa mawe ya Ndarugu unaimaliza. Kwa hivyo dawa ni AP kadhaa zilizotawanywa, kila moja ikihudumia watu wake wa karibu. Usidanganywe na "hii ni kali, inafika mbali." AP inaweza kupiga kelele mpaka parking, lakini simu yako lazima ijibu, na redio ya simu ni ndogo.

Na zile ekstenda za kuchomeka kwa soketi zinazouzwa Luthuli? Kwa bedroom ya nyumbani, sawa. Nyingi zinapokea na kurudia kwa redio ile ile, hivyo spidi inakatika karibu nusu. Kwa ofisi ni kuongeza watu kwa foleni.

AP ya ukweli inataka waya kutoka kwa swichi, na hapa ndio utamu uko. Waya huo mmoja unabeba data na stima pamoja, mpaka mita 100, ikiwa swichi ni ya aina inayoitwa PoE. Hakuna fundi wa stima kutoboa dari kuweka soketi. Na stima ikipotea, vile tumezoea, UPS moja kwa swichi na rauta inaweka AP zote hai. Ila chunga waya wenyewe. Soko limejaa kebo za aluminiamu zilizopakwa shaba, bei ya chini, zinapoteza nguvu njiani na zinaweza kupata moto. Kwangua waya wa ndani na wembe. Ukiona rangi ya fedha chini ya shaba, rudisha.

Sasa ile sehemu inafaa kumnyima bosi usingizi. Paswadi imebandikwa ukutani mapokezi, na wageni, wafanyakazi, na ile kompyuta inayolipa mishahara wako mtandao mmoja. Mgeni akikuja na laptopu iko na virusi, ameingia sebuleni. Na yule mlimfuta mwezi uliopita bado simu yake inajiunga akipita hapo chini. AP ya ofisi inaweza kutangaza majina kadhaa ya wifi, moja la wageni na lingine la staff, kila moja na njia yake ndani ya waya ule ule. Njia hizo huitwa VLAN. Ila hakikisha swichi na rauta pia zinazielewa na zimepangwa, la sivyo umebadilisha jina tu. Ofisi kubwa inaweza kumpa kila mfanyakazi jina na paswadi yake. Akiondoka, unafunga yake pekee. Na kama ukurasa wa wageni unaomba namba za simu, sheria ya kulinda data ya 2019 inawahusu nyinyi pia.

Mnahitaji ngapi? Usisome boksi. Likisema vifaa 200, hao ni wanaoweza kujiandikisha, si kupiga video pamoja. Mimi ningeanza na moja kwa kila watu 25 hivi wenye shughuli, halafu nihesabu kuta. Kumbuka kila mtu ni simu na laptopu. Na printa na kompyuta za mezani zipewe waya, ziache kula hewa ya wengine.

Kama nyinyi ni watu watano kwa chumba kimoja, weka doh mfukoni. Toa rauta ndani ya kabati la chuma, iweke juu, peupe. Hiyo ni bure.

Kwa ile ofisi yetu zilitosha tatu, na pakeji ikarudishwa ile ya zamani. Watu bado hukutana kwa dispensa saa nne, lakini sahii ni udaku tu.