Pampu ya kuwasha kwa simu: inamjuaje mwenyewe?

Kiangazi hiki mkulima mmoja wa bustani hapa Mlabani kaniuliza: "Bwana shamba, pampu naiwasha kwa SMS hata nikiwa Morogoro. Je, mtu mwingine akituma hiyo SMS?"

Jibu ni fupi. Akiwa na neno la siri, inaweza kuwaka. Pampu haina macho.

Viboksi vingi vya kuwashia pampu kwa laini ya simu hutoka kiwandani na nywila ya kubahatisha tu, 1234 au 123456, na imechapwa kwenye karatasi ya maelekezo. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kukuzimia maji nyanya zikiwa kwenye maua. Au anaiwasha usiku kisima kimekauka, pampu inazunguka bila maji mpaka inaungua. Hapo hasara si ya maji tena.

Najua mtasema, nani ahangaike na pampu ya Mlabani? Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai haikuchagua mtu. Ilizunguka intaneti ikijaribu orodha ya nywila za kiwandani, kama 60 hivi, ikateka kamera na vifaa vingine kwa maelfu. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vikatumika kuiangusha kampuni ya Dyn, na watu wengi Marekani wakashindwa kufungua Twitter. Kiboksi cha SMS peke yake hakiko huko, lakini sensa ya unyevu au kamera ya shamba iliyounganishwa intaneti iko.

Sasa kwa nini kifaa kisilindwe kama benki? Udogo wake. Chipu ya Arduino Uno, ambayo vijana wengi hujifunzia, ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya KB 2 tu. Ulinzi mzito haukai humo, na betri nayo inaisha. Ndiyo maana kuna njia nyepesi: kifaa na mwenyewe wanashiriki siri moja, lakini siri haitumwi hewani kamwe. Kifaa kinatoa namba mpya, simu inaichanganya na siri na kurudisha jibu, kifaa nacho kinapiga hesabu ileile na kulinganisha. Kesho namba ni nyingine. Ni kama vocha ya kukwangua: aliyeokota iliyotumika kaokota karatasi. SMS ya "WASHA 1234" haiko hivyo, aliyeiona leo anaitumia hata mwezi ujao.

Sensa za LoRaWAN zinafanana na hapo, kila ujumbe una hesabu yake na muhuri, wa zamani ukirudiwa unakataliwa. Na mwaka 2023 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichagua njia iitwayo Ascon mahsusi kwa vifaa vidogo. Uingereza wao wamepiga marufuku nywila rahisi za kiwandani kuanzia Aprili 2024.

Kwako wewe: badilisha nywila siku ya kufunga kifaa, fundi akiwa bado yupo. Ruhusu namba yako na ya mtu mmoja wa nyumbani, ingawa usiitegemee hiyo peke yake maana namba ya mtumaji inaweza kughushiwa. Kabla hujanunua muulize muuzaji: amri ya jana ikitumwa tena leo, itakubaliwa? Akibabaika, tafuta duka jingine. Na namba ya laini ya kifaa msiiandike kwenye boksi la pampu. Nimeshaziona mbili, zimeandikwa kwa maka peni, zinasomeka toka barabarani.