Mtoto akimsafisha punda, mzazi awe karibu

Lamu, punda hubeba mchanga, mawe na maji. Jioni akirudi, mara nyingi mtoto ndiye humpiga brashi. Kazi hiyo ni muhimu: vumbi na jasho vikibaki chini ya shogi, ngozi huchubuka ikawa kidonda.

Mfundishe mwanao kusimama ubavuni, karibu na bega, kamwe si nyuma. Teke la punda huvunja mfupa. Kwato aachiwe mtu mzima.

Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na samadi, na huingia mwilini kupitia jeraha. Mtoto akiumia, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha mpeleke kliniki na kadi ya chanjo siku hiyohiyo. Usingoje taya likaze; dalili huweza kuchelewa hata wiki 3.