Enzi Zetu Muziki Ulikuwa Muziki!

Umeshawahi kuisikia kauli hiyo? Hapa Bungu, kama kwingineko Tanzania, babu anaisema juu ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga. Mjomba anaisema juu ya kanda za Bongo Fleva, zile zilizorudishwa nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri. Usicheke! Miaka ishirini ijayo, nawe utaisema juu ya nyimbo unazosikiliza leo kwenye simu.

Kwa nini iwe hivyo?

Ukimwuliza mtu mzima mambo anayoyakumbuka zaidi, mengi ni ya kati ya miaka 10 na 30. Ni umri wa mara ya kwanza: rafiki wa kwanza wa kweli, kupenda mara ya kwanza, kutoka nyumbani mara ya kwanza. Wimbo uliokuwa ukipigwa wakati huo hugandamana na hisia zile. Ukisikika tena, hisia nazo zinarudi.

Je, ni ugonjwa? Zamani ilidhaniwa hivyo. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari huko Uswisi, aliandika juu ya watu walioumwa kwa kukumbuka kwao. Siku hizi inajulikana kwamba kumbukumbu tamu hupunguza upweke. Kama unakaa bweni, wimbo wa nyumbani unaweza kukutuliza. Ila ukikosa usingizi na hamu ya kula kwa siku nyingi, mwambie matroni au mwalimu unayemwamini.

Mtego uko wapi?

Machungu hufifia haraka kuliko matamu. Ndiyo maana mzee anaweza kukuambia, "Sisi hatukuwa na mambo yenu." Kweli? Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, huku bendi zikitamba na kumbi zikijaa. Vijana wa wakati ule nao walipenda, walidanganywa, walipata mimba na magonjwa.

Sasa angalia: mzee akiamini enzi zake hazikuwa na matatizo, hatakuambia aliyakwepaje. Nawe ukiamini hawezi kukuelewa, hutamwuliza. Hapo mnakosa wote wawili.

Ufanyeje?

Anzia kwenye wimbo. Mwombe babu, bibi au shangazi akuchagulie mmoja wa zilipendwa, msikilize pamoja. Kisha uliza taratibu: "Bibi, ukiusikia huu unamkumbuka nani? Mlikuwa mkikutana wapi? Mlikuwa mnaogopa nini?" Halafu nyamaza, umwache aseme.

Utakayosikia kuhusu afya, yahakikishe kwenye kituo cha afya, maana mengine yamebadilika. Kwa mfano, wakati ule dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazikuwepo. Leo zinatolewa bure.

Na zamu yako ikifika, mpigie naye wimbo wako. Akisema ni kelele, mwulize wazazi wake walisemaje juu ya zake!