Taarifa za Watu ni Amana

Katika mila zetu mtu haingii nyumba ya mwenziwe bila ya kubisha hodi. Na akibisha mara tatu asiitikiwe, hurudi zake. Adabu hiyo tulifundishwa chuoni tungali wadogo, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo, katika Ibara ya 16, imehifadhi heshima ya maskani ya mtu na mawasiliano yake ya binafsi. Leo tunauliza: je, adabu hiyo inafuatwa pale mlango unapokuwa wa kompyuta?

Tunauliza hivyo kwa kuutazama ukanda wa dhahabu, tangu Kahama mkoani Shinyanga hadi Geita. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Mchimbaji huacha ofisini mambo yake mengi: mshahara, namba ya akaunti ya benki, majina ya mke na watoto, hata picha ya mapafu yake, kwani vumbi la mwamba huleta maradhi ya kifua. Zamani hayo yote yalikaa katika majalada, kabatini, na ufunguo ukawa kwa karani. Tangu Uviko ulipoenea duniani mwaka 2020, ofisi nyingi zimezoea kumruhusu karani ayafungue akiwa nyumbani, mara nyingi kwa kompyuta ile ile wanayochezea watoto na anayoiazima jirani kuchapa barua.

Msomaji wa Unguja au Pemba asiseme Geita ni mbali. Kijana wake akiajiriwa huko, jina la mzazi nalo limo katika jalada lile.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hiyo huzihesabu habari za afya na za miamala ya fedha kuwa taarifa nyeti, na humtaka anayezikusanya aweke ulinzi wa kutosha. Mzigo huo, basi, ni wa mwajiri kwanza. Kumwambia mtumishi atumie kompyuta yake, kisha kumlaumu siri zinapovuja, si haki. Tena mlango hufunguka pande mbili: ofisi inayoweka programu zake za ulinzi katika kompyuta ya mtumishi yaweza kuona picha na barua za familia yake. Hapo nani amebisha hodi?

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa ofisi za umma na za migodi wawape watumishi kompyuta za kazi, na njia ya mtandao inayosimba habari zikiwa safarini. Pale lisipowezekana hilo, mtumishi afungue akaunti ya peke yake kwa kazi, yenye nywila asiyompa hata mwanawe. Athibitishe kuingia kwake kwa namba ya pili. Abadilishe nywila iliyokuja na kifaa cha waifai. Asinakili majalada katika kompyuta yake. Na likitokea la kutokea, atoe taarifa siku ile ile bila ya kuogopa adhabu.

Tumezoea kusema kwamba cheo ni dhamana. Jalada la mchimbaji nalo ni dhamana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa kamili.