Kura za Bordesley Green na hesabu ya mseto



Wengine huuliza: chama kinaongoza kwa viti, vipi kikose kutawala? Jibu tunalo hapa hapa Birmingham. Juni 2004 baraza la jiji lilikuwa na viti 120. Kushika peke yako ulihitaji 61. Labour walipata 53, Conservative 39, Liberal Democrats 28. Wa pili na wa tatu wakajumlisha, 67 hizo, wakalishika jiji hadi 2012. Aliyeongoza akabaki nje.

Zanzibar si hivyo. Marekebisho ya katiba ya 2010 yalimpa mshindi wa pili umakamu wa kwanza wa rais. Kule mseto ni sheria, huku ni mapatano.

Na penye mapatano kila kiti kina bei. Kata yetu ya Bordesley Green ilitoa madiwani watatu wa Labour, na Aston watatu. Aprili 2005 jaji Richard Mawrey aliwafuta wote sita kwa wizi wa kura za posta.

Basi ndugu zangu, karatasi ya posta ikifika, jaza mwenyewe, tia sahihi mwenyewe, ipeleke mwenyewe. Mseto watapanga wakubwa; kura usimwachie mtu.

Wasalaam.